Aliyekaa Kwenye Kiti cha Nyundo

Jina la Nyundo alipewa na wateja, naye akalipenda. Alikuwa fundi wa kuvalisha makochi, mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, na mdomo wake muda mwingi ulikuwa umebana misumari. Ndivyo kazi ile inavyofanywa: fundi anatia misumari midogo mdomoni, anaisogeza mmoja mmoja kwa ulimi, anaigongelea kwenye mbao huku mkono mwingine umevuta kitambaa. Wateja walizoea kujibiwa kwa nyusi. Waliomjua vizuri walisema heri misumari iwepo, maana akiitema mtu ataambiwa yake yote.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichonuka gundi, sponji zimepangwa hadi darini, na mlangoni kulikuwa na kochi moja bovu la wageni ambalo hajawahi kupata nafasi ya kulitengeneza. Mtu mgeni akiingia, swali lilikuwa lile lile: "Fundi yupo?" Nyundo yuko mbele yake, nyundo mkononi, uzi shingoni, na bado anaulizwa fundi yupo. Wauza mbao nao walimpa zilizopinda, wakidhani hataona. Alikuwa akizirudisha mwenyewe, anazitupa mlangoni kwao bila salamu. Hasira za aina hiyo alizimeza kila siku, akaendelea na kazi.

Mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa fundi simu kwenye kibanda cha jirani. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa hajaanza hata kujifunga viatu. Nyundo aliacha shule akamlea. Alimwogesha, akamsomesha, akampeleka hospitali, akamchapa alipostahili kuchapwa. Kitinda alikua akawa kijana mpole mwenye maneno matamu, anayependwa na kila mtu, na gitaa alijifunza mwenyewe akiangalia vidole vya watu.

Kitinda ndiye aliyeingia karakana siku moja akasimama mlangoni kimya, akisikiliza dada yake akigongelea mgongo wa kochi.

"Dada," akasema, "unajua hiyo ni ngoma unayopiga?"

Nyundo akadhani anataniwa. Lakini shule moja iliyokuwa imeacha bendi yake ilikuwa na ngoma za bendi zimetupwa stoo, ngozi zimechanika, na walimu walikuwa na viti vinavyowatoboa nguo. Akawatengenezea viti, wakampa ngoma. Akabadilisha ngozi, akazivalisha mapipa yake kwa reksini nyekundu, ile ngozi ya bandia, iliyobaki kwenye viti vya kinyozi, akajaza sponji ndani ya ile kubwa ya mguu ili isivume hovyo. Kiti cha kukalia alikitengeneza mwenyewe, cha duara, sponji tabaka mbili, skrubu ya kupandisha na kushusha. Alikipima kwa magoti yake akakaza. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Basi bendi ikaanza, mchana wa Jumapili, katikati ya makochi ya watu. Kitinda kwenye gitaa. Gitaa la besi alilishika dereva wa lori, bwana mnene mwenye kucheka hovyo. Mwimbaji alikuwa binti muuza dawa wa duka la pembeni, wakamwita Daktari kwa utani.

Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa kwenye sherehe ya mpwa wa dereva aliyemaliza chuo. Nyundo alikuwa na hofu ya kutosha kujaza chumba. Wazazi wa mhitimu walipoitwa kucheza wimbo wa taratibu, akaanza vizuri, halafu mikono ikamtoroka. Wimbo wa taratibu ukageuka kama watu wanamkimbiza mwizi. Baba wa mhitimu, mwenye goti bovu, alijikokota mpaka akatafuta kiti cha karibu akakaa, mkewe amebaki katikati peke yake. Daktari aliishiwa pumzi kabla ya ubeti wa mwisho.

Walipokuwa wanafunga vyombo, Nyundo alimuuliza mdogo wake, "Nilikwenda sawa?"

"Sawa kabisa, dada. Tumeua."

Dereva akacheka, Daktari akasema alifurahi sana. Nyundo akalala usingizi mzuri.

Baadaye wakapata nafasi kwenye mkahawa mmoja wenye ua mkubwa wa nyuma, Jumapili mchana, kwa majaribio. Wakipendwa, watakuwa wanapiga kila Jumapili. Nyundo alifanya mazoezi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ilipofika, Kitinda akaja asubuhi na lori la dereva, akapakia ngoma zote.

"Wewe pumzika, dada. Sisi tutafunga kila kitu. Njoo baadaye na shemeji."

Alilisema kwa upole, na Nyundo akaona kweli mtoto amekua. Akapiga pasi shati jekundu. Mumewe, mpishi wa shule, mtu wa maneno machache, akavaa suruali yake ya sherehe, wakaenda kwa miguu.

Ua ulikuwa umeshajaa. Watu mezani, glasi zinagongana, watoto wanazunguka zunguka. Kwenye jukwaa la mbao Nyundo aliona ngoma zake nyekundu zinang'aa, na nyuma ya ngoma zake ameketi mwanamume mwenye miwani, anajaribu matoazi kwa ncha za vijiti. Alikuwa ameshusha kiti.

Cha kwanza alichokisema Nyundo, mumewe anakumbuka, ni hicho. "Amekishusha kiti changu."

Kitinda alimwona, akaruka chini, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko kwenye makreti ya chupa tupu.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nani yule?"

"Ni wa kusaidia tu. Si mimi, ni mwenye mkahawa. Anasema wateja wake hawajazoea kuona mwanamke kwenye ngoma. Nimebishana naye tangu asubuhi mpaka nimechoka. Ni leo tu, dada. Jikaze."

Nyundo aliyajua maneno yale. Alikuwa ameyasikia kwa wauza mbao, kwa wateja, kwa fundi aliyemfundisha kazi akamwambia ajaribu kushona mapazia badala yake. Akayaamini mara moja. Akamwachia Kitinda mkono, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Mwenye mkahawa alikuwa mama wa makamo kama yeye, aproni imelowa, anafuta glasi na kuzipanga.

"Dada, samahani," Nyundo akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mimi ndiye mpiga ngoma wa hii bendi."

"Karibu. Mbona hamwanzi? Watu wameshaanza kuangalia simu zao."

"Nimeambiwa hutaki mwanamke apige."

Yule mama akaweka glasi chini. "Umeambiwa na nani?"

Nyundo akageuka kuutazama mlango wa nyuma.

"Dada yangu, hapa ninapika mimi, ninanunua mimi, walevi ninawatoa mimi kwa mikono hii. Nikatae mwanamke mwenzangu kupiga ngoma? Mbuzi akijua kupiga, na apige. Mimi shida yangu watu wasiondoke."

Nyundo akamshukuru. Akatoka. Kitinda alikuwa bado pale kwenye makreti, na alipouona uso wa dada yake akaanza kurudi kinyumenyume. Nyundo akampita kama hamwoni, akaenda moja kwa moja jukwaani, akasimama mbele ya mtu wa miwani.

"Shikamoo," akasema, maana mtu alikuwa mkubwa kwake na adabu ni adabu. "Hizo ngoma ni zangu."

"Marahaba." Yule mzee akaondoa vijiti kwenye ngoma taratibu. "Mimi nimeitwa kushika nafasi. Nimeambiwa mpigaji mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Mgongo."

Nyundo akageuka. Kitinda alikuwa amefika, anahema. Dereva alikuwa anakaza waya wa gitaa ambao haukuwa umelegea. Daktari alikuwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili na kuangalia miguu yake.

"Kwa hiyo leo mimi ni mwanamke, halafu nina mgongo," Nyundo akasema. "Ninyi wawili mlijua?"

Dereva akasafisha koo. Kwa mara ya kwanza hakucheka. "Tulijua, Nyundo."

"Daktari?"

Daktari akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamlenga.

Hapo Kitinda akalipuka, kama watu wanavyolipuka wanapokamatwa. "Unakimbia, dada. Ndiyo hivyo. Unakimbia. Pale kwenye sherehe uliukimbiza wimbo ukaharibu kila kitu, kila mtu aliona isipokuwa wewe. Hii nafasi tukiipoteza hatuipati tena. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Nani anaweza kukuambia wewe kitu?"

Nyundo aliinama kwenye mkoba wake, akatoa spana ndogo, akaanza kufungua stendi ya toazi kubwa. Mzee wa miwani akanyanyuka haraka akampisha. Likatoka toazi la kwanza, akaliweka sakafuni. Likatoka la pili. Meza za mbele zikanyamaza, watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Mwenye mkahawa alitokea mlangoni akasimama amekunja mikono. Nyundo alikuwa anafungua skrubu kwa uangalifu ule ule anaofungulia kochi la mteja, hakutupa kitu, na kila kilichotoka alikifuta kwa kitambaa. Mumewe baadaye alisema ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Alipoanza kulegeza ngoma ya pili, Kitinda akawageukia wenzake akasema, bila kuongeza sauti, "Mwacheni aende. Tutapiga bila ngoma."

Spana ikasimama.

"Nani aende?" Nyundo akauliza.

Kitinda akatupa macho kwa wateja.

"Nimeuliza nani aende. Hizi ngoma nimezivalisha mimi. Mazoezi mnafanyia kwangu. Umeme mnaotumia ni wangu. Wewe mwenyewe hapo ulipo nimekukuza mimi. Mimi siendi popote. Wewe ukitaka, njia ile pale."

Akaanza kurudisha kila kitu mahali pake. Kufunga kulichukua muda kuliko kufungua, na watu wakaanza kupiga makofi ya kuchoka, yale ya kuwaharakisha. Mzee wa miwani akashika stendi ili Nyundo akaze. Hakuombwa. Alipoinama karibu naye akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, kabla hujaanza kila wimbo, imba kibwagizo moyoni. Mwendo unaouimba ndio huo huo upige."

"Sijakuuliza."

"Najua," mzee akasema, akashuka kukaa meza ya nyuma.

Nyundo akakaa. Kwa ghadhabu alisahau kupandisha kiti, kwa hiyo wimbo wote wa kwanza aliupiga magoti yakiwa karibu na kifua, kama mtu aliyekalia kigoda cha mtoto. Maikrofoni ilipiga mluzi hadi watu wakaziba masikio. Daktari aliingia chini ya sauti yake, akapotea, akajitafuta mpaka akajipata. Dereva jasho lilikuwa linamchuruzika hadi kwenye nyaya. Na Kitinda, kila baada ya muda mfupi, anageuka nyuma na kumwonyesha kwa kidevu: taratibu, taratibu.

Kile kidevu. Nyundo alitamani kukitupia kijiti. Akaamua kutomwangalia kabisa. Akatafuta mahali pengine pa kuweka macho, akampata bibi mmoja wa meza ya pembeni aliyekuwa anakula na kutikisa kichwa kwa mwendo wa muziki. Akamkazia macho bibi yule. Moyoni alikuwa ameimba kibwagizo, ingawa asingekubali mbele ya mtu. Wimbo ukaisha salama. Makofi yakawa ya adabu tu. Akapandisha kiti.

Wa pili ukaenda vizuri zaidi, na watu wawili watatu wakasimama kucheza.

Wa tatu ndio ulikuwa mgumu. Ulikuwa wimbo wa kuchangamka na watu walianza kuupenda tangu mwanzo. Mwenye mkahawa alikuwa ameacha glasi zake. Nyundo akasikia raha, raha ikachanganyika na hasira, na mikono ikashika njia yake. Na safari hii akajisikia. Alisikia waziwazi, kama mtu anayesikia sauti yake ikirudishwa kwenye simu: alikuwa anakimbia. Besi ilikuwa inamfuata ikihema. Daktari alikuwa anameza maneno ili ayamalize. Yale waliyosema nyuma ya mgongo wake yalikuwa kweli.

Jambo hilo lilimkasirisha kuliko uongo wote wa siku ile. Uongo angeweza kumtupia Kitinda usoni. Hili angemtupia nani?

Hakujua kwamba amefungua mdomo. Alikuwa anaimba kibwagizo kwa nguvu, bila maikrofoni, sauti nzito isiyo na uzuri wowote, akijikokota kwa sauti yake mwenyewe kurudi kwenye mwendo. Dereva akamsikia, akasogea karibu na ngoma, akaongeza sauti yake ya chini. Daktari akapata pa kupumua. Wimbo ukakaa. Watu wengine wakaitikia, na bibi wa pembeni akaacha kula.

Wa nne waliuharibu mwisho: kila mtu alimaliza kwa wakati wake, gitaa la Kitinda likabaki linalia peke yake kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Watu wakacheka sana, lakini wakapiga makofi wamesimama.

Mwenye mkahawa akawafuata. "Jumapili ijayo mje," akasema. "Na mmalizie pamoja."

Kitinda akaja kwa dada yake macho yamelowa, mikono imefunguka kwa kumkumbatia. "Dada, umeona?"

"Nimeona," Nyundo akasema, akainua ngoma kubwa akaiweka katikati yao. "Usinishikie chochote."

Kwenye lori alikataa kukaa mbele. Akapanda nyuma na ngoma zake, mumewe akapanda naye na suruali yake ya sherehe.

"Wewe ulijua kwamba nakimbia?" Nyundo akauliza.

"Nilijua unaenda haraka."

"Na wewe ukanyamaza."

"Mimi sijui muziki, mke wangu. Nilidhani wimbo ndivyo ulivyo."

Nyundo akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikaisha na hasira ikarudi kukaa mahali pake.

Katikati ya wiki Kitinda alikuja karakana. Nyundo alikuwa anavua kitambaa cha kochi kuukuu, anang'oa misumari iliyoshika kutu. Hakumkaribisha kukaa, naye hakuthubutu.

"Nisamehe, dada. Niliogopa. Ningekuambia unakimbia ungenipiga na kiti."

"Ningekupiga. Halafu ningejifunza."

"Sasa si ndiyo maana..."

"Kitinda." Akaweka koleo chini. "Kukimbia nakimbia. Nimejisikia mwenyewe na nimeumia, yameisha. Mzee wa miwani nimeshamtafuta, kuanzia wiki hii ananifundisha. Hilo silo ninalokudai. Ulikuwa na uongo wa kila namna wa kuchagua. Ulisema mgongo kwa mwingine, kwa nini hukuniambia mimi kwamba spika zimeharibika, kwamba tumeahirisha? Ulichagua kusema ni kwa sababu mimi ni mwanamke. Wewe umekaa kwenye kochi lile miaka yote, unawasikia wanavyoingia hapa na kuniuliza fundi yupo. Ulijua neno hilo nitaliamini bila kuuliza. Ulijua litanifunga mdomo. Wengine wananichoma bila kunijua, wewe umepajua panaponiuma, ukachoma hapo hapo."

Kitinda alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti, mabega tu. Zamani Nyundo angeacha kazi akamfuta. Siku ile alichukua koleo akaendelea kung'oa misumari, na Kitinda alipoondoka hakumwaga.

Jumapili walipiga. Na iliyofuata. Nyundo na mdogo wake waliongea ya bendi tu: anza, rudia, ongeza sauti. Mzee wa miwani alikuwa mwalimu mkali. Alimpigisha ngoma moja tu kwa wiki nzima, mapigo yale yale, mpaka Nyundo akamwambia maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Mzee akafuta miwani, akasema, "Tena, toka mwanzo."

Baadaye Nyundo akaweka sheria karakana. Kabla ya mazoezi kila mtu atasema mbele ya wenzake kile alichokuwa anakisemea pembeni. Akaanza na yeye mwenyewe: wamwambie. Wakamwambia, kwa woga, kisha kwa kuzoea. Alikunja uso, akasonya, akasikiliza. Dereva akaambiwa akipiga huku anacheka hukosea. Daktari akaambiwa azoee kuimba akiwaangalia watu badala ya viatu.

Zamu ya Kitinda ilipofika, Nyundo akasema, "Wewe ukianza kupiga gitaa peke yako hujui kushuka. Watu wanakaa chini wanakusubiri. Ni refu mno."

Kitinda akawatazama wenzake apate wa kumtetea. Dereva akasema ni kweli. Daktari akasema yeye pale huwa anakunywa maji.

Kitinda akachomoa waya wa gitaa, akatoka nje, akabamiza mlango hadi sponji moja ikaanguka. Dereva akataka kumfuata.

"Mwache," Nyundo akasema. "Tuendelee."

Wakaupiga wimbo mzima bila gitaa, wakaurudia. Walipokuwa katikati ya mara ya tatu mlango ukafunguka. Kitinda akaingia amenuna, akachomeka waya, akasubiri kibwagizo kipite, akaingia. Alipofika sehemu yake ya kupiga peke yake alipiga fupi, fupi kwa makusudi, kwa hasira, na ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Nyundo hakumsifu. Alimwangalia tu, na Kitinda naye akamwangalia, wakaendelea kupiga.